Path of Exile 2 inafunguliwa Desemba 6, 2024: laptopu ya kawaida na mtandao wa huku Dodoma vitaiweza kweli?

MtuWaNkuhungu:

Wakuu habari zenu, poleni na jua hili la Dodoma. Nina jambo linaninyima usingizi naomba mawazo yenu.

Kama mnafuatilia, Path of Exile 2, lile gemu la kupigana na maadui wengi huku unamjenga mhusika wako, inafunguliwa Ijumaa tarehe 6 Desemba 2024 kwenye Early Access, yaani toleo la awali, gemu bado linajengwa ila watu wanaruhusiwa kuingia. Mwanzo ilikuwa itoke Novemba 15 wakaisogeza wiki tatu mbele, wakasema wanamalizia mambo ya seva na akaunti. Sasa wanafungua saa tano asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ukipiga hesabu kwetu ni saa nne usiku, na Jumatatu yake ni Desemba 9, Uhuru, kwahiyo ni wikiendi ndefu kabisa hakuna kazini. Yani kama wamepanga na mimi.

Hili gemu nalisubiri tangu walipolitangaza 2019. Ile ya kwanza nimeicheza tangu nipo chuo, bure kabisa, sijawahi kuona gemu la bure linalomheshimu mchezaji namna ile. Hii ya pili nayo itakuwa bure ikikamilika ila kuingia kwenye toleo la awali ni dola 30, ambayo kwa mwaka huu wa 2024 ni kama elfu themanini ya kwetu. Sio pesa ndogo wakuu, kwahiyo sitaki kuitupa.

Wasiwasi wangu uko hivi. Mashine yangu ni laptopu yenye kadi ya picha (GPU) GTX 1650 ya 4GB, RAM (kumbukumbu ya muda) 8GB, na diski ni HDD ya kawaida, ile ya sahani inayozunguka. Mahitaji ya chini waliyoandika ni GTX 960 ya 3GB na RAM 8GB, ila wanataka nafasi ya GB 100 na wanashauri SSD, diski ya chipu yenye kasi kuliko HDD. Kwenye karatasi napita, ila nyie mnajua karatasi na uhalisia ni vitu viwili. Halafu mtandao, gemu lenyewe huwezi kulicheza bila intaneti hata ukiwa peke yako, na mimi huku Nkuhungu umeme ukikatika na waifai inakwenda nayo. Na la tatu ni gemu lenyewe, mnaona ni bora kuingia siku ya kwanza au kusubiri wamalize?

Naomba mtu mwenye uzoefu aseme ukweli, msinifurahishe tu.

---

FundiIpagala:

Mkuu karibu. Mimi natengeneza kompyuta hapa Ipagala na hiyo laptopu uliyoitaja naikuta mezani kila wakati kwahiyo nakwambia kitu nakijua.

GPU yako wala usiigombeze. GTX 1650 ina nguvu kuliko 960 waliyoiweka pale chini, kwa setingi za chini utacheza, na ukiweza kuwasha ile setingi ya kushusha ukubwa wa picha yenyewe pale vita inapokolea (kwenye ile ya kwanza ipo, sioni sababu ya wao kuitoa) basi utapata mwendo wa kueleweka. Tatizo lako ni vitu viwili vingine, RAM na hiyo HDD.

Nianze na HDD. Gemu za aina hii kila ukiingia eneo jipya inapakia upya kila kitu, maumbo, rangi, sauti, na adui wakitokea mia kwa mpigo kuna vitu vinasomwa kwenye diski pale pale ukiwa katikati ya mapigano. HDD inasoma kwa sindano inayotembea juu ya sahani, ikitakiwa kurukaruka kutafuta vipande vidogo vidogo inachelewa, na wewe unaona picha inaganda nusu sekunde. Nusu sekunde mbele ya bosi, yaani adui mkubwa, umekufa. Watu wanalaumu GPU, wanalaumu mtandao, kumbe ni diski. Weka SSD, hata ile ya SATA ya kawaida, utaiona tofauti kuanzia kuwasha Windows. Ila kabla hujanunua fungua mfuniko wa chini uangalie, laptopu nyingi za 1650 zina nafasi ya M.2 (tundu dogo la kuchomekea SSD) ipo wazi, unachomeka NVMe (SSD yenye kasi zaidi) pale na HDD yako inabaki ya muvi na mafaili.

RAM sasa. 8GB ni kiwango cha chini kabisa walichoandika, na Windows yenyewe na brauza vinakula nusu yake. Halafu mara nyingi hizi laptopu zinakuja na kijiti kimoja tu cha 8GB, maana yake inatumia njia moja badala ya mbili. Ongeza kijiti kingine cha 8GB cha aina ile ile (soma karatasi iliyobandikwa juu yake, DDR4 na kasi yake) utakuwa na 16GB ambayo ndiyo waliyoipendekeza, na njia zinakuwa mbili. Kama hela inatosha kitu kimoja tu anza na SSD. Kama inatosha viwili fanya vyote ndio uongee na mimi.

Na la mwisho ambalo watu wa huku hawalipi uzito, vumbi. Dodoma mwezi huu wa kumi na moja mvua haijashika, joto lipo na upepo unabeba vumbi. Nikifungua laptopu ambayo haijasafishwa mwaka mzima nakuta kati ya feni na mapezi ya kupozea kuna utando mzito wa kijivu umeshikana kama blanketi, unaweza kuushika kwa vidole ukaunyanyua mzima mzima. Hewa haipiti. Prosesa inafika nyuzi 95, inajishusha kasi yenyewe ili isiungue, na FPS (idadi ya picha kwa sekunde) inaporomoka baada ya dakika kumi na tano za kucheza. Ukiona gemu linaanza vizuri halafu linakuwa zito taratibu, hiyo ni joto hiyo. Safisha, badilisha ile pesti ya juu ya prosesa, inue laptopu nyuma ipate hewa, na usicheze juu ya kitanda.

Halafu cheza ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Kwenye betri GPU inapunguzwa nguvu hata kama hujui.

---

KabelaYaNgongona:

Hapo kwenye mashine fundi kamaliza, mimi niongelee mtandao maana ndio ninachosomea hapa UDOM na ndio ninakoona watu wanapoteza hela kwa kununua bando kubwa wakidhani pingi itashuka.

Pingi na kasi ni vitu tofauti. Kasi ni kiasi gani kinapita kwa sekunde, pingi ni muda gani ujumbe wako unakwenda kwenye seva na kurudi. Path of Exile ikishapakuliwa haitumii data nyingi kwenye kucheza, ila inataka pingi ya chini na isiyoyumba. Ujumbe wako kutoka Dodoma unapita kwenye faiba ya nchi kavu mpaka Dar, halafu unaingia kebo ya baharini. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita laki mbili kwa sekunde, kwahiyo kama seva iko Ulaya na njia ya kebo ni kilomita elfu kumi, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hapo hujaweka hata kifaa kimoja cha njiani. Hakuna bando duniani litakalokupa chini ya hapo. Ndio maana nawaambia wadau wakati wa kuchagua seva jaribuni ya Afrika Kusini kwanza kama itakuwepo kwenye orodha, ile ya kwanza inayo. Msiache ichague yenyewe, pimeni zote, maana kuna mitandao inakupeleka Johannesburg kwa kuzungukia Ulaya na hapo ukaribu wa ramani haukusaidii kitu.

Sasa kuna setingi moja muhimu sana na wengi hawaigusi. Kwenye ile ya kwanza, tangu 2015, ukienda kwenye mambo ya mtandao kuna Lockstep na Predictive. Lockstep maana yake mashine yako inaisubiri seva kabla ya kukuonesha kitendo, kwahiyo unachokiona ndicho kilichotokea kweli, lakini pingi ikiwa kubwa unabonyeza na mhusika anachelewa kuitika. Predictive mashine yako inabashiri, mhusika anaitika hapo hapo, ila seva ikiwa na maoni tofauti unarudishwa nyuma ghafla au unakufa na adui ambaye kwenye kioo chako alikuwa mbali. Mtandao ukiwa umetulia hata kama pingi ni ya mia na kitu mimi naona bora Lockstep, unauzoea ucheleweshaji. Mtandao ukiwa unarukaruka, leo 90 kesho 400, Lockstep itakugandisha kabisa, hapo hamia Predictive. Na kwenye hii ya pili jambo hili litauma zaidi kwasababu wameweka kujiviringisha kukwepa pigo, na bosi wamewatengeneza ili ukwepe kwa wakati sahihi. Ile ya kwanza ukiwa na mhusika mgumu unasimama tu unapigwa unaendelea. Hii naona kwenye video zao hakuna kusimama.

Kuhusu umeme, laptopu ina betri kwahiyo haizimi, kinachozima ni ruta. Ruta nyingi za nyumbani zinatumia volti 12, angalia nyuma ya adapta yake, kuna UPS ndogo za DC, yaani betri za akiba, zinauzwa mahsusi kwa ruta unaziweka katikati, zinakaa masaa kadhaa. Ila jua pia kama mnara au kituo cha mtaani kwenu kimezima chenyewe UPS yako haisaidii, kwahiyo simu yenye bando iwe karibu kama akiba.

Na hili nalisema kwa uzito kwa wote: mwaka huu huu wa 2024, Mei 12, kebo za SEACOM na EASSy zilikatika baharini na nchi nzima ikasota. Gemu linalotaka intaneti kila sekunde linakuwa halina maana siku kama ile. Nilitamani sana waweke namna ya kucheza nje ya mtandao kwa mtu anayecheza peke yake, kwa watu wa maeneo yetu ingekuwa ukombozi, ila najua biashara ya vitu kati ya wachezaji ndio roho ya gemu lao na hawatafanya.

---

DadaWaAreaC:

Kaka MtuWaNkuhungu, wengine wameongea vifaa, mimi nikujibu lile swali lako la tatu maana naona ndio lenye elfu themanini yako.

Toleo la awali sio gemu lililokamilika na ukiliingia kwa matarajio ya gemu lililokamilika utaumia. Kwenye hili wameshasema wazi kitakachokuwepo: simulizi ya sura tatu kati ya sita, na ukizimaliza unazirudia kwa ugumu zaidi ndio ufike kwenye ramani za mwisho. Aina za wahusika sita kati ya kumi na mbili walizopanga. Mimi hiyo naiheshimu, kusema mapema kipi hakipo. Tofautisha na wale wa The Day Before Desemba mwaka jana, walionesha video za ajabu miaka, watu wakalipa, kilichotoka hakikufanana na walichoonesha na siku nne baadaye studio ikatangaza inafungwa. Au Kerbal Space Program 2, Februari 2023, dola 50, wakataka GPU ya RTX 2060 kwa kiwango cha chini na bado ikawa inagandaganda hata kwenye mashine kubwa, mambo waliyoahidi kama kujenga koloni hayajaja na mwaka huu waliokuwa wanaitengeneza wamepunguzwa kazi.

Na upande wa pili kuna Baldur's Gate 3, iliingia toleo la awali Oktoba 2020 ikiwa na sura ya kwanza tu, wakaipika karibu miaka mitatu, Agosti 2023 ikatoka nzima na ikachukua gemu bora la mwaka. Waliocheza mapema walichangia sana, lakini seivu zao hazikuvuka kwenda kwenye toleo kamili. Kwahiyo jiulize kama uko tayari kuweka masaa yako kwa mhusika ambaye kesho ligi (msimu mpya) ikianza upya unamwacha nyuma. Kwa mtu aliyecheza ya kwanza hilo sio geni, ligi mpya kila baada ya miezi michache na wote tunaanza na fimbo na kaptula.

Ninachowapima nacho mimi ni historia ya studio. Hawa Grinding Gear Games wa New Zealand wana gemu moja, ile Path of Exile ya kwanza, wanalihudumia tangu 2013 na bado wanalitolea apdeti kubwa kila mwaka. Kwangu hiyo inatosha kuwaamini na dola 30. Na vitu vya mapambo unavyonunua vinatumika kwenye gemu zote mbili, kwahiyo hela haipotei yote.

Ila siku ya kwanza kaka, tafadhali usiiwekee roho. Mwaka 2012 Diablo III ilipotoka, kampuni kubwa yenye pesa kuliko hawa, mamilioni wakakaa wanaangalia maandishi ya Error 37 hawaingii. Ijumaa ile saa nne usiku tegemea foleni, tegemea kutupwa nje, ukiingia vizuri shukuru.

Na usimtengeneze mhusika wa Hardcore. Pale ukifa mara moja basi, na ruta ikizima mhusika wako anaweza kubaki amesimama sekunde kadhaa katikati ya adui wewe ukiwa huna la kufanya. Kwa umeme wa huku mimi Hardcore siigusi kabisa na hakuna mtu atanibadilisha.

---

Singida_Mjini:

Wakuu samahani naingilia, sisi tuko wanne huku Singida tunataka tucheze pamoja, naona inaruhusu mpaka watu sita kwenye kundi. Wawili wana PS5, wawili kompyuta. Tutaonana kweli? Na je tukiwa nyumba moja tunagawana waifai moja itatosha?

---

KabelaYaNgongona:

@Singida_Mjini mtaonana, wamesema kompyuta, PS5 na Xbox Series wote wanakutana, na akaunti yako ukiiunganisha mhusika wako unamkuta kote. Hata wale wa PS5 wakitaka wanaweza kukaa kwenye kochi moja na kioo kimoja watu wawili na pedi mbili.

Waifai moja inatosha watu wanne kucheza. Haitoshi kama mmoja anashusha kitu wakati wengine wanacheza, hapo wote mtaganda. Na mchague seva moja nyote, anayeongoza kundi aangalie pingi ya aliye na mtandao mbovu zaidi maana huyo ndio atakufa wa kwanza. Kama mnaweza, vuteni waya kutoka kwenye ruta mpaka kwenye PS5, waifai kupita kuta mbili za tofali inayumba sana.

---

MtuWaNkuhungu:

Aisee nashukuru sana wote, sikutegemea majibu ya namna hii. Fundi nitakuja Ipagala kesho kutwa na laptopu, tufungue tuone kama kuna hiyo nafasi ya M.2, na vumbi lake najua lipo.

Dada nimekuelewa, Hardcore basi. Swali moja limebaki, hizo GB 100 nazishushaje? Kwangu nikipima napata Mbps 10 mchana, usiku wa manane inafika 20.

---

KabelaYaNgongona:

Kwanza hiyo 100 ni nafasi wanayotaka iwe wazi kwenye diski, cha kushusha kinaweza kuwa kidogo zaidi kwasababu kinakuja kimebanwa. Lakini jipange kwa mabaya. GB 100 kwa Mbps 10 ni kama masaa 22 mfululizo, kwa 20 ni 11. Kwahiyo wakiruhusu kushusha kabla ya siku yenyewe usichelewe hata saa moja, anza usiku saa sita iache mpaka alfajiri, Steam (duka la gemu la kompyuta) ikikatwa inaendelea ilipoishia haianzi upya. Weka isishushe kitu kingine. Kama unatumia bando la GB na sio la mwezi lisilo na kikomo tafuta rafiki mwenye faiba, nenda na SSD yako kwake, ukirudi nyumbani Steam itakagua mafaili na kuyakubali.

Na acha nafasi ya ziada, diski ikijaa mpaka pomoni apdeti za wiki ya kwanza zitagoma na zitakuwa nyingi.

---

FundiIpagala:

Njoo asubuhi kabla ya saa nne kuna utulivu. Usinunue SSD mtaani kabla sijaona ndani, kuna za M.2 aina mbili, SATA na NVMe, na kuna laptopu zinakubali moja tu. Na ukishafunga gemu, mara ya kwanza kuingia usiende moja kwa moja kwenye vita, iache kwenye menyu na pale kambini dakika chache, kwenye ile ya kwanza inakuwa inaandaa mambo ya picha ndani kwa ndani na hapo ndio watu wanaona inakwamakwama wanaanza kutukana. Ikishaandaa inatulia.

---

DadaWaAreaC:

Na kwenye malipo kaka, soma masharti ya kurudishiwa hela kabla hujabonyeza. Kawaida ya Steam kwa gemu ni ndani ya siku 14 na uwe hujacheza zaidi ya masaa mawili, na masaa ya toleo la awali yanahesabiwa. Hii inauzwa kama pakiti ya kuwaunga mkono kwahiyo usichukulie juu juu kwamba ni hivyo hivyo. Ukipata tu nafasi ya kuijaribu, tumia lile saa la kwanza kupima mashine: nenda eneo lenye adui wengi, angalia FPS, angalia joto, angalia pingi. Simulizi utaisoma baadaye.

Mimi nitakuwa na Sorceress (mhusika wa uchawi), seva ya Afrika Kusini ikiwepo. Mkiingia salama Ijumaa ile niandikieni hapa hapa tupange kundi, nafasi tano zipo.

---

Singida_Mjini:

Nne sasa dada, mimi moja nachukua. Wenzangu wataamua wenyewe.